Steki za Baba

Jumanne, 8 Julai 2025

Baba amesusa tena. Rosti niliyoihangaikia tangu nitoke shule! Kaisukuma sahani mpaka katikati ya meza kwa kidole kimoja, kama mtu anayesukuma panya aliyekufa. "Fraza, hii siyo nyama. Hii ni soli ya kiatu."

Nikamwambia basi, kuanzia kesho nakusagia. Kosa! Nyama ya kusaga ni ya watoto na wagonjwa. Yeye si mtoto, na hospitali hajalazwa. Anataka steki. Kipande kizima, kipana, kimekaangwa, mtu ukitazama sahani unaona kweli leo kuna nyama. Ila iwe laini. "Meno haya si yale," kasema, akajishika shavu.

Jamani. Steki laini ni sarara, na sarara kwa mwalimu wa jiografia ni habari ya Krismasi. Kule kwetu Mgeta, milimani, alikula kabichi na viazi vyake mwaka mzima na hatukusikia neno. Kashuka mjini, kawa bwana mkubwa.

Ila anapungua. Hilo ndilo linaloniuma. Tangu tumzike mama mwaka jana na mimi nikamleta hapa mjini, Bigwa, chakula anakigusagusa tu. Mkanda wake ametoboa matundu mapya kwa msumari. Nimeyaona leo alipokuwa anainuka. Nikala rosti yake. Kweli ilikuwa ngumu.

Jumatano, 9 Julai

Dada Joyce kapiga kutoka Dar. Joyce haji, Joyce anapiga. Eti nyama ya bei ya chini siyo tatizo, tatizo ni mpishi. Ameona video. Unailoweka kwenye ndimu na chumvi, inalainika yenyewe. "Mdogo wangu, tumia akili, siyo hela."

Nimepita kwa Abeid buchani. Nikaomba steki ya paja, bei yake naiweza. Abeid hana siri, huyo. "Mwalimu, ng'ombe huyu ametoka Dumila na nadhani alikuja kwa miguu. Paja lake limefanya kazi." Nikamwambia kata tu.

Nimekamua ndimu mpaka mikono inawasha. Bakuli limeingia kwenye friji. Tuone hiyo akili ya Joyce.

Ijumaa, 11 Julai

Akili ya Joyce ni hii: nyama imekaa kwenye ndimu siku mbili, usiku na mchana, ikatoka nyeupe kama mguu uliovaa buti masika yote. Ikagusa kikaango, ikajikunja. Chachu! Na ngumu kuliko ile ya Jumanne.

Baba katafuna. Katafuna. Akaitoa kistaarabu, akaiweka ukingoni mwa sahani. "Umeifua kama nguo?"

Nikampigia Joyce. Ooh, ulitakiwa uiache nusu saa tu, video ilisema. NUSU SAA! Sasa hilo si ndilo ungeanza nalo, dada yangu? Kasema yuko kwenye foleni, hanisikii vizuri.

Jumapili, 13 Julai

Mama Faraja, jirani wa ukuta mmoja, aliniambia siri ya wauza mishkaki ni papai bichi. Unalikwaruza, unapaka, basi. Nikafanya hivyo asubuhi kabla ya misa. Papai zuri, kubwa, utomvu unatiririka. Nikapaka lote — si laini inatakiwa?

Baada ya misa kikao cha akina mama kikaanza, kuhusu sare. Bluu au bluu. Kikaisha jua limeshapinda.

Nimerudi, nimefungua bakuli, nimeshika kipande — kimekatika mkononi. Hakuna nyama pale. Kuna uji. Nikakaanga hivyo hivyo kwa ubishi, ukashika chini ya kikaango kama ukoko.

Baba kaonja kwa ncha ya kijiko. Kanitazama. "Fraza, hii umenitafunia kwanza ndiyo ukanipa?"

Nimecheka mpaka nimekasirika. Yeye mwenyewe alichelewa kurudi kutoka kanisani kuliko mimi, sijui alikuwa wapi. Kasema anasalimia watu wa jumuiya. Sawa. Angalau anasalimia watu.

Jumanne, 15 Julai

Mtindi. Nilisoma mwenyewe, safari hii simsikilizi mtu. Mtindi hauna haraka kama papai wala ukali kama ndimu. Jana jioni nikachanganya na kitunguu saumu, tangawizi, chumvi, pilipili manga. Harufu tu ilikuwa chakula.

Leo umeme umekatika asubuhi, nikiwa darasani nafundisha mabonde ya ufa. Umerudi saa za kutoka. Friji imekuwa kabati. Nimefungua mlango wa jikoni nikarudi nyuma.

Nimewamwagia mbwa nje ya geti. Wameimaliza wakalamba na mchanga. Baba kasimama mlangoni, mikono nyuma. "Mbwa wa mtaa huu wanakula vizuri kuliko mimi."

Nikaenda kusugua bakuli.

Jumatano, 16 Julai

Mayai. Wali na mayai. Asiyetaka aache.

Kala.

Ijumaa, 18 Julai

IMEKUBALI!

Niandike yote nisije nikasahau. Kwanza kukata. Kumbe mimi siku zote nakata kufuata nyuzi, ndiyo maana mtu anatafuna kamba. Safari hii nimekata kwa kukingama, vipande vya unene wa kidole. Nikavigonga kidogo kwa mwiko wa ugali. Papai — kijiko tu! Nikapaka papo hapo nikitoka shule, nikaenda kuoga na kupasi sare, nikarudi nikalipangusa lote. Ndipo vitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, chumvi, mafuta. Nikaviacha vikasikilizana wakati nasahihisha daftari za kidato cha pili. Halafu nikavikausha kwa kitambaa, maana nyama yenye maji haikaangiki, inachemka. Kikaango kikavu, moto mkali, usiguseguse. Geuza mara moja. Epua. Iache itulie kwanza kabla ya kisu.

Nje imekuwa ya kahawia, ndani ina maji yake. Paja lile lile la Abeid!

Baba kakata kona. Katafuna macho ameyafumba. Nikasimama kama mtahiniwa.

"Sasa," kasema.

Neno moja. Basi mimi mtu mzima nikaenda kujifanya natafuta kitu jikoni.

Kala kipande kimoja tu. Viwili vilivyobaki kaomba nimwekee kwenye hotpoti, atakula baadaye. Nikamwekea. Kumbe shida ilikuwa nyama kweli.

Jumapili, 20 Julai

Nimepika tena, bado iko vizuri. Tena kala kipande kimoja, tena hotpoti. Akatoka nayo — eti anapunga upepo. Na hotpoti?

Karudi nayo jioni, tupu, imeoshwa. IMEOSHWA. Baba yangu hajawahi kuosha kikombe tangu nizaliwe.

Na kuna jambo lingine. Jana nilimkuta getini anakula hindi la kuchoma. Siyo lile laini, lile lililokomaa, punje kama kokoto. Anapukuchua kwa meno! Krau, krau, krau. Nikauliza, Baba, meno? Kasema leo hayaumi.

Jumanne, 22 Julai



Leo nimetoka shule mapema, nikamwona baba mbele yangu, hotpoti yenye nyama ya jana kwapani, anapandisha njia ya kuelekea milimani. Shati amechomekea. Anatembea kama mtu mwenye kazi. Nikamfuata. Najua si adabu. Nikamfuata.

Kaingia kwenye uwanja wa nyumba ndogo ya tofali za kuchoma, imefagiwa, ina kuku. Nikabaki nyuma ya michongoma.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda. Mbele yake bibi mmoja, mwembamba, kitenge cha kijani. Hotpoti iko katikati yao. Baba anamkatia nyama. Anakata vipande vidogo vidogo kwa kisu changu — kisu nilichokitafuta tangu Jumapili — anamsogezea, bibi anakula taratibu, kwa ufizi. Hana jino. Hana hata moja.

Na wanaongea Kiluguru. Baba anaongea haraka, anarusha mikono, anacheka. Sijamsikia akiongea Kiluguru hivi tangu tuzike. Mimi nyumbani akinianza kwa Kiluguru namjibu kwa Kiswahili, ndivyo nilivyozoea, hata yeye akaacha. Sauti yake ni nyingine. Ni ile ya zamani, ya shambani, ya kumwita mama kutoka ng'ambo ya mto.

Kuku wakanisaliti. Wakatimka, bibi akainua macho. Nikatoka kwenye michongoma na mkoba wangu wa shule kama mwizi mwenye vyeti.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Anaitwa Bibi Yuliana. Ni mjane, wanasali jumuiya moja na baba. Akanishika mikono yote miwili. "Ndiye wewe unayeipika? Mungu akuzidishie. Mimi nyama nilikuwa nanusa tu ya majirani. Kunywa mchuzi, kunywa mchuzi, nikasema basi nitakufa na mchuzi."

Nikasema asante. Nikasema karibu nyumbani — mdomo umesema wenyewe! Nikaondoka.

Baba hakuinuka kwenye kigoda. Kaangalia chini tu, kisu mkononi.

Ndimu zote zile. Papai lile. Mtindi, mbwa, Abeid. Meno haya si yale! Kweli si yale. Ni ya mwingine kabisa.

Jumatano, 23 Julai

Nimengoja mpaka jioni. Nikaanza mimi.

Kwa nini hukuniambia, Baba?

"Ningekwambia ungenipikia?"

Hapana.

"Umeona sasa."

Nikamuuliza huyu bibi ni nani kwako. Kanijibu wazi, sikutegemea. Wamezungumza na padre. Anataka kumwoa. Kanisani, kwa matangazo, watu wasikie. Na hataki kumleta hapa, wala hatampeleka Mgeta. "Mgeta ni kwenu, ni ardhi ya ukoo wa mama yenu, mimi nilikuwa mkwe tu pale. Sigusi kitu. Nitahamia kwake."

Nikasema mama hajapoa hata kaburini. Nilitaka kumuumiza.

"Fraza, wewe ukirudi unasahihisha. Mimi naangalia ukuta. Ukuta huu naujua sasa, kila ufa wake. Yule tunasalimiana asubuhi."

Nikamwambia kwangu hakosi kitu. Kasema kweli, hakosi kitu.

Nimefunga mlango wa chumba changu. Najiuliza kinachoniudhi hasa ni kipi. Mama? Uongo wa meno? Au kwamba ataenda, halafu ukuta utabaki na mimi?

Nimempigia Joyce. Sikupaswa.

Alhamisi, 24 Julai

Joyce kapiga asubuhi, mapumziko, na mchana. Wajomba wa Mgeta watasema nini? Nguo za mama bado ziko sandukuni! Mzee mzima anatafuta nini? Halafu akanigeukia mimi: "Na wewe ndiye uliyemsaidia! Wewe ndiye umemlainishia!"

Mimi! Nilikuwa nalainisha nyama!

Anakuja Jumapili. Atayamaliza mwenyewe, kasema. Mwaka mzima nimemwomba aje kumwona baba, hana nafasi. Leo nafasi ipo.

Baba naye kanipasulia lake: kamwalika Bibi Yuliana chakula cha mchana Jumapili hiyo hiyo. "Si ulimkaribisha mwenyewe?"

Nikamwambia sipiki. Simpikii mtu. Leo maharage, kesho maharage, na Jumapili maharage. Hata sikumwambia kwamba Joyce anakuja. Wakutane tu, wapasuane, mimi nitakuwa kanisani.

Kasema sawa. Ile "sawa" yake. Afadhali angegombana.

Jumamosi, 26 Julai

Nimerudi sokoni, jikoni kuna fujo kama wamepita ngedere.

Baba kafunga khanga yangu kiunoni. Ana papai kwenye meza, nusu limekwaruzwa, nusu liko sakafuni. Viganja vimemuwasha kwa utomvu, anajikuna kwenye ukingo wa meza. Kwenye beseni — beseni la kufulia! — kuna pande zima la paja, halijakatwa, limelala kama mgonjwa chini ya blanketi la papai. Kaenda kwa Abeid peke yake. Kaweka chumvi. Nikaonja kwa ncha ya kidole. Sukari.

"Nilikuwa nakutazama mlangoni ukipika," kasema. "Nilidhani nimeona yote."

Nikakaa kwenye stuli. Nilitaka kupiga kelele. Mwanaume huyu amelima miteremko ya Mgeta tangu kijana, amebeba magunia ya karoti mpaka kwenye lori, na hapa kashindwa na papai. Na kwa nini anahangaika? Ili mwanamke asiye na meno ale akiwa amekaa mezani, kwa sahani, kama mgeni.

Nikamuuliza, "Ukienda kwake nani atakupikia? Yeye ameshazeeka."

"Ndiyo maana najifunza."

Jamani, baba yangu.

Nikamwosha mikono kwa mafuta ya kula, kisha sabuni, mpaka mwasho ukapungua. Nikaiosha nyama, bahati papai lilikuwa halijaingia sana. Nikampa kisu. Nikamwambia tazama nyuzi zinaelekea wapi. Zimekwenda huku? Wewe kata huku. Kakata kipande cha kwanza kama anachimba mtaro. Cha tatu kikawa na sura. Nikampigia kelele karibu kila kipande, naye ananiambia taratibu, mwalimu, taratibu.

Katikati ya kazi kanisemesha kwa Kiluguru, kuhusu kisu. Nikamjibu. Nilikosea neno. Kanisahihisha, tukaendelea.

Mtindi kidogo, saumu, tangawizi. Papai kijiko tutaliweka kesho. Nikamwambia pia kuhusu Joyce. Kaacha kuchanganya. Kauliza anakuja na basi la saa ngapi, basi. Hakuuliza kingine.

Umeme usikatike. Naomba hilo tu.

Jumapili, 27 Julai

Naandika nimesimama, daftari liko juu ya friji, kikaango kinapata moto.

Umeme haukukatika. Nyama iko vizuri, nimeikausha, imelala pale kwenye sinia.

Bibi Yuliana yuko sebuleni. Kaja kwa miguu kutoka misa, kaleta mayai kwenye kitambaa. Kitenge cha kijani tena, nadhani ndicho cha kutokea. Kaomba kuona picha ya mama iliyoko ukutani. Kaisogelea, kasimama mbele yake muda, akaisalimia kwa jina la mama la ukoo, akakaa kiti cha mbali na picha. Nikampa maji.

Baba kavaa koti. Kwenye joto hili la mchana! Mkanda umefungwa kwenye tundu la zamani.

Joyce meseji: nimeshuka stendi ya Msamvu, nachukua bajaji. Halafu nyingine: asile kitu huyo mama mpaka nifike. Nimezima sauti.

Nimeweka vipande viwili vya kwanza. Vimelia vizuri.

Geti! Tayari? Huyo wa bajaji karuka mashimo yote?

"Eufrazia! Fungua!" Jina zima. Mama Faraja hapo alipo ameshasogeza kiti ukutani.

Baba kaja mpaka mlango wa jikoni. Ni Joyce huyo? Ndiyo. Kaangalia kikaango, kaangalia sinia. Kauliza, nyama itatosha?

Nikamwambia, Baba, Joyce hajaja kula. Joyce kaja kugombana.

"Hata hivyo. Amesafiri. Muongezee kipande."

Kisha kanyoosha koti, karudi kukaa. Siyo kiti chake. Kakaa pembeni ya bibi.

Joyce anagonga kwa jiwe sasa. Bibi Yuliana anauliza kwa upole kama afungue yeye. Nimemjibu hapana, Bibi, kaa, wewe ni mgeni wangu. Wangu! Nimesema hivyo kwa sauti, na Joyce kasikia mpaka getini, maana jiwe limenyamaza.

Limeanza tena.

Gonga, dada. Upande huu bado kidogo tu. Nikiiacha motoni nije kufungua itakauka, na bibi wa watu hataiweza. Nageuza kwanza.